Kundi Halina Mwenyewe

Januari 2007, kompyuta moja ya Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle ilimaliza hesabu iliyoichukua saa 77. Jibu lake lilikuwa jedwali lenye mistari 453,060 na safu wima 453,060, linaloeleza tabia za E8, muundo wa ulinganifu wenye vipimo 248 ambao wanahisabati wameufahamu tangu karne ya 19. Data yake ilifika gigabaiti 60. Magazeti yalipoitangaza habari hiyo mwezi Machi, wasomaji wengi waliichukua kama ushindi wa kompyuta. Waliofanya kazi yenyewe walijua kuwa kompyuta ilikuja mwishoni.

Kabla ya saa hizo 77 kulikuwa na miaka minne na watu 18, baadhi yao wa Marekani na wengine wa Ulaya, wakiongozwa na Jeffrey Adams wa Chuo Kikuu cha Maryland. Fokko du Cloux, aliyekuwa akifundisha Lyon, Ufaransa, ndiye aliyeandika programu, huku maradhi yakimlemaza hatua kwa hatua. Alifariki Novemba 2006 bila kuliona jibu. David Vogan wa MIT alibeba sehemu kubwa ya nadharia. Ilipobainika kuwa kumbukumbu ya kompyuta haitoshi, Noam Elkies wa Harvard alishauri hesabu ifanywe kwa mabaki ya mgawanyo, mara kadhaa kwa vigawanyo tofauti, kisha majibu yaunganishwe. Marc van Leeuwen wa Poitiers akaisuka upya programu ifuate njia hiyo. Ukimtoa mmoja wao, kazi inakwama.

Nani alilipa? Fedha zilitoka Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani, NSF, zikisaidiwa na uratibu wa Taasisi ya Hisabati ya Marekani, AIM, iliyokuwa California. NSF ilikuwa na dirisha maalumu kwa ajili ya vikundi vidogo vya wanahisabati na wanatakwimu: watafiti wakuu watatu au zaidi, tatizo moja lililo bayana, muda wa miaka mitatu hivi. Dirisha hilohilo ndilo lililolipia, kuanzia 2008, hatua za mwanzo za LMFDB, hifadhidata ya nadharia ya namba ambayo leo hufunguliwa na watafiti wa kila bara. Ruzuku hiyo ilipoisha, Uingereza iliupokea mradi kwa pauni milioni 2.2, na baadaye wakfu binafsi wa Simons ukauchukua. Mradi ulinusurika kwa sababu kila mfadhili alipoondoka alikuwepo mwingine mlangoni. Siku hizi mlango huo hauna foleni.

Hoja ya makala haya ni kwamba fedha za hisabati zinapopungua, kazi ya kundi huumia kabla ya kazi ya mtu mmoja, na huumia bila kelele. Mtafiti mmoja ana mwajiri, ofisi na mshahara. Kundi lililotawanyika katika vyuo vitano halina mwenyewe. Mwajiri wake ni ruzuku, na ruzuku ikikatika hakuna idara inayojiona imepoteza kitu.

Makala zinaongezeka, vikundi vinapungua

Anayetaka kupinga hoja hii ana ushahidi mzuri mkononi. Wanahisabati hawajawahi kushirikiana kama wanavyoshirikiana leo. Jerrold Grossman wa Chuo Kikuu cha Oakland, Michigan, alipochambua makala zilizochapishwa, aliona kuwa katika miaka ya 1940 takriban tisa kati ya kumi ziliandikwa na mtu mmoja. Kufikia miaka ya 1990 za mtu mmoja zilikuwa zimebaki kiasi cha nusu, na mwelekeo haujageuka tangu hapo. Barua pepe na mikutano ya video vimeondoa gharama ya kuzungumza na mwenzako aliye ng'ambo ya bahari. Kama ushirikiano unakua bila fedha maalumu, dirisha la vikundi ni la nini?

Jibu limo katika aina ya kazi. Watu wawili wanaoandika makala pamoja huhitaji muda na maelewano. Watu 18 wanaotengeneza jedwali la E8, au timu inayojenga hifadhidata itakayotumika kwa miongo, huhitaji vitu vinne ambavyo idara ya hisabati haina kawaida ya kuvilipia. Cha kwanza ni muda: maprofesa wengi wa Marekani hulipwa mshahara wa miezi tisa, na ruzuku ndiyo inayolipia sehemu ya kiangazi ili wafanye utafiti badala ya kutafuta vipindi vya kufundisha. Cha pili ni vijana, yaani watafiti wa baada ya uzamivu wanaoajiriwa miaka miwili au mitatu na kuzunguka kati ya vyuo vya kundi wakibeba mbinu za huku kuzipeleka kule. Cha tatu ni mtu wa kutunza programu na data, kazi isiyompandisha cheo mwanahisabati yeyote. Cha nne ni kukutana ana kwa ana kwa wiki nzima, mara kwa mara, mwaka baada ya mwaka.

Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini wenye fedha hupenda kidole kimoja kwa kuwa ni rahisi kukihesabu. Amidi wa kitivo huulizwa wanafunzi wangapi wamefundishwa na ruzuku ngapi zimeingia chuoni kwake. Haulizwi kama kijana aliyemaliza mkataba Utah alichukuliwa Cornell akaendeleza kazi ileile. Kiungo hicho kikikatika, takwimu za Utah hazishuki, wala za Cornell. Kinachoshuka hakimo kwenye taarifa ya chuo chochote.

Wapo wanaomtaja Andrew Wiles, aliyejifungia miaka saba na Nadharia ya Mwisho ya Fermat, au Grigori Perelman, aliyeikataa zawadi ya dola milioni moja. Visa hivyo vikitazamwa kwa karibu havisemi kile vinachotakiwa kusema. Pengo lililoonekana katika uthibitisho wa Wiles mwaka 1993 lilizibwa mwaka uliofuata kwa msaada wa Richard Taylor. Perelman alitembea juu ya mpango uliochorwa na Richard Hamilton kwa takriban miaka ishirini, na ilizilazimu timu kadhaa za watafiti kufafanua hatua za uthibitisho wake ndipo jamii ya wanahisabati ikaridhika. Upweke wa mwanahisabati ni wa kweli, ila mara nyingi ni kipindi katika safari iliyoanzishwa na wengine na itakayokaguliwa na wengine.

Mmomonyoko ulianza zamani

Ni rahisi kulaumu mwaka 2025, ambao NSF ilifuta mamia ya ruzuku, kwa kila kitu. Kwa kweli miundo ya kazi ya pamoja nchini Marekani ilianza kupunguzwa mapema. Mwaka 1982 NSF ilifungua taasisi mbili za hisabati, moja Berkeley na nyingine Minnesota. Ile ya Minnesota, iliyojulikana kama IMA, ilikuwa daraja kati ya wanahisabati na viwanda. Katika muongo uliopita ilipoteza ruzuku yake kuu ya NSF. Taasisi ya hisabati na biolojia ya Ohio, iliyoanza 2002, ilipita njia hiyohiyo.

Kisa cha kutafakari zaidi ni SAMSI, taasisi ya takwimu na hisabati tumizi iliyofunguliwa 2002 huko North Carolina kwa ubia wa vyuo vikuu vitatu jirani, Duke, Chapel Hill na Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, pamoja na taasisi ya taifa ya sayansi za takwimu. Utaratibu wake ulikuwa wa subira. Kila mwaka ilichaguliwa mada, na mada hiyo ikagawiwa vikundi kazi vya wanatakwimu, wanahisabati na wataalamu wa uwanja husika, kama tabianchi, falaki au jenomu. Vikundi hivyo vilikutana kila wiki, wengine wakiwa ukumbini na wengine kwenye simu, kwa miezi mingi. Mwanatakwimu aliyekuja na mbinu aliondoka akijua kwa nini mbinu yake haikufaa data ya mvua. Mtaalamu wa tabianchi naye aliondoka akijua ni uhakika gani hana haki ya kuudai.

SAMSI ilifungwa 2021 baada ya ruzuku ya NSF kukoma. Mwaka mmoja kabla, NSF ilikuwa imefungua taasisi mpya Chicago, IMSI, ambayo nayo inagusa takwimu. Kwenye karatasi, basi, taasisi moja iliondoka na moja ikaingia. Kwa wanatakwimu mizania hiyo haikamiliki. Takwimu huishi kwenye mpaka: mbinu zake huzaliwa pale data ya mtu mwingine inapogoma. Vyuo vitatu vilivyokaa umbali mfupi wa gari vilikuwa vimezoeana kwa karibu miaka 20, na mazoea ya namna hiyo hayahamishwi kwa tangazo la ruzuku mpya katika jimbo jingine. Mwanahisabati anayeshughulikia namba tasa anaweza kungoja miaka mitano bila mwenzake. Mwanatakwimu asiye na mwenzake mwenye data hubaki akizifanyia majaribio data za kubuni.

Mwaka wa kukatwa

Kilichotokea 2025 kiliukuta mwili uliokwisha kukonda. Mnamo Aprili NSF ilianza kufuta mamia ya ruzuku zilizokwisha kutolewa, na mkurugenzi wake, Sethuraman Panchanathan, akajiuzulu mwezi huohuo. Bajeti iliyopendekezwa na Ikulu kwa mwaka 2026 ilitaka NSF ishuke kutoka takriban dola bilioni 9 hadi bilioni 3.9. Hesabu iliyochapishwa na New York Times mwezi Mei ilionesha kuwa ruzuku mpya za hisabati zilizotolewa hadi wakati huo zilikuwa takriban dola milioni 32, wakati wastani wa miaka kumi ya nyuma kwa kipindi kama hicho ulikuwa milioni 113. Takwimu za katikati ya mwaka hubadilika kufikia Septemba, na Bunge halikukubali kukata kwa kiwango kile. Kwa hiyo si haki kuzichukua namba hizo kama hukumu ya mwisho. Lakini kundi halifi kwa wastani wa mwaka. Kijana aliyeambiwa mwezi Mei kwamba nafasi yake haina uhakika hutafuta kazi benki mwezi Juni, na fedha zikirudi Septemba zinamkuta hayupo.

Mfano ulio wazi ni Los Angeles. Mwishoni mwa Julai 2025 serikali ilisimamisha ruzuku za NSF zipatazo 300 za chuo kikuu cha UCLA, zenye thamani ya takriban dola milioni 108, kwa tuhuma zilizohusu mwenendo wa chuo na chuki dhidi ya Wayahudi. Hakuna kati ya tuhuma hizo iliyogusa hisabati. Miongoni mwa zilizosimama ilikuwa ruzuku ya IPAM, taasisi ya hisabati iliyopo chuoni hapo tangu 2000, pamoja na ile ya Terence Tao, mmoja wa wanahisabati mashuhuri zaidi walio hai. Agosti 12 Jaji Rita Lin aliamuru ruzuku hizo zirudishwe.

Tao mwenyewe ana jina, na mwenye jina hapungukiwi mlango wa kugonga. IPAM ndiyo iliyokuwa hatarini. Taasisi ya aina hii hualika watu miezi mingi kabla, huwalipia malazi, na huwaomba wavunje ratiba za kufundisha katika vyuo vyao. Ikinyamaza kwa wiki chache tu, msimu mzima unaanza kubomoka. Na hapa ndipo umbo la ruzuku za vikundi linapogeuka udhaifu. Kwa kawaida kila chuo katika kundi hupokea fungu lake kwa mkataba wake, chini ya mradi mmoja. Utaratibu huo uliwekwa kurahisisha uhasibu. Katika mwaka ambao serikali inaadhibu chuo kizima kwa sababu za kisiasa, maana yake ni kwamba kundi la vyuo vitano lina milango mitano ya kupigwa. Mtafiti wa pekee hupata hasara chuo chake kikiadhibiwa. Kundi hupata hasara chuo chochote kati ya vitano kikiadhibiwa.

Wakfu na wafanyabiashara

Wengine watasema sekta binafsi itaziba pengo. Kwa sehemu imeziba. James Simons, mwanahisabati aliyetajirika kwa biashara ya masoko ya fedha na kufariki Mei 2024, aliacha wakfu unaotoa hadi dola milioni 2 kwa mwaka, kwa miaka minne inayoweza kuongezwa mitatu, kwa kila kundi linalochaguliwa. Mwaka 2022 taasisi ya Berkeley ilipata dola milioni 70 kutoka kwa familia za Simons na Laufer, na ikabadili jina kuwaenzi. Chama cha Hisabati cha Marekani nacho kilitenga dola milioni moja mwaka 2025 kuwasaidia waliokatiwa ruzuku za serikali. Na fedha mpya zinaingia kwa kasi upande wa akili unde, ambako kampuni na matajiri wanalipia vikundi vya kuandika uthibitisho kwa lugha ambayo kompyuta inaweza kuukagua.

Shukrani zinastahili, na bado hesabu haifungi. Milioni moja ya Chama cha Hisabati ni ishara ya mshikamano. Mbele ya pengo la makumi ya milioni haiwezi kuitwa suluhisho. Ruzuku za Simons ni nene, lakini ni chache na huyafikia zaidi makundi ambayo tayari yana watu wenye majina. Dirisha la NSF lilikuwa na fedha kidogo kwa kila kundi na likawafikia watu wa vyuo vya kati, akiwemo profesa wa jimbo dogo ambaye wazo lake lilipitiwa na wenzake na kushindana kwa masharti yaleyale. Wakfu hauwajibiki kueleza kwa nini umeacha fani fulani. Kampuni ya akili unde hulipia hisabati inayofunza mashine, na siku mashine ikihitaji kitu kingine fedha zitahama nayo. Anayelipa ndiye anayechagua swali, na kuhama kutoka fedha za umma kwenda fedha binafsi kunakabidhi uchaguzi wa maswali kwa watu wachache ambao hakuna aliyewapigia kura.

Takwimu ndizo zinazobaki nyuma zaidi. Hisabati safi ina mvuto kwa mfadhili tajiri: tatizo la miaka mia, jina kubwa, siku ya kutangaza ushindi. Kupima kosa katika makadirio ya mvua au ya vifo vya watoto hakuna siku ya kutangaza ushindi. Kazi hiyo ilitegemea fedha za umma kwa sababu manufaa yake ni ya umma.

Hadithi hiyohiyo, upande wetu

Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kuitazama habari hii kama ya jirani. Idara za hisabati za Dar es Salaam, Nairobi, Makerere, Rwanda na Zambia zimeunganishwa katika mpango uitwao EAUMP, ulioanza 2002 na kuwezeshwa na Programu ya Kimataifa ya Sayansi ya Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden. Idara moja ikiwa na mtaalamu mmoja wa fani fulani haiwezi kuendesha masomo ya uzamivu peke yake. Idara tano zikikusanya wataalamu wao katika shule ya wiki mbili, na wanafunzi wakasimamiwa kwa pamoja, fani inapata miguu. Hii ndiyo kazi ya kundi kwa maana yake kamili, na imekuwa ikisimama juu ya nguzo ya mfadhili wa nje. Mwaka 2023 serikali ya Sweden ilisitisha fungu lake la utafiti wa maendeleo lililokuwa likipitia Baraza la Utafiti la nchi hiyo. Uamuzi huo ulifanywa Stockholm, kwa sababu za Stockholm.

Ramani za malaria zinatoa funzo jingine. Mwaka 2005 Robert Snow, aliyefanya kazi Kenya katika mpango wa KEMRI na Wellcome, na Simon Hay wa Oxford walianzisha Mradi wa Atlasi ya Malaria. Vipimo vya damu vilivyochukuliwa vijijini vilikusanywa, na wanatakwimu wakavigeuza kuwa ramani zinazoonesha maambukizi hata pale ambapo hakuna aliyepima, pamoja na kiwango cha shaka kwa kila eneo. Baadaye makao ya mradi yalihama kutoka Oxford hadi Perth, Australia. Mradi uko hai na unafaa. Lakini kuhama kwake kunaonesha kuwa makao ya kundi hufuata fedha, na wenye malaria hawakuwa na kura katika safari hiyo.

Nchi za Afrika zilikwisha kuahidi kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na ahadi hiyo imerudiwa katika mikutano ya Umoja wa Afrika. Nyingi hazijaifikia. Hata ingefikiwa kesho, hatari iliyoelezwa hapa ingebaki, kwa sababu mabaraza yetu ya utafiti, COSTECH ya Tanzania na Mfuko wa Taifa wa Utafiti wa Kenya yakiwemo, yameundwa kuhudumia nchi moja moja. Kundi la Dar es Salaam, Nairobi na Kampala halina wa kumwandikia andiko. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, lipo tangu 1980. Kulipatia dirisha dogo la vikundi vya hisabati na takwimu, linalochangiwa na nchi zote wanachama, kungegharimu kidogo kuliko maabara moja ya kisasa. Hisabati haidai darubini wala meli. Inadai watu, muda na nauli.

Masharti ya dirisha kama hilo tunaweza kuyatoa kwenye makosa ya Marekani. Fungu la kundi likae mahali pamoja, ili chuo kimoja kikipata matatizo wengine waendelee. Mkataba wa kijana ufungwe na kundi, usitegemee idara moja. Mtunzaji wa data na programu alipwe kama mtumishi wa kudumu. Na anayepima mafanikio asihesabu makala peke yake, kwa maana makala zitaendelea kutoka hata vikundi vyote vikifa; makala nyingi za mwaka huu ni matunda ya ruzuku za miaka mitano iliyopita. Kinachopaswa kuhesabiwa ni vikundi vingapi vina mpango wa pamoja unaopita miaka mitatu, na vijana wangapi wamepita katika chuo zaidi ya kimoja. Namba hizo mbili zikishuka leo, hisabati ya miaka ya 2030 imekwisha kupungua, hata kama taarifa za vyuo bado zinaonesha kila kitu kiko sawa.